Mtoto analia kila jioni, na mama mkwe anataka ang'olewe "meno ya plastiki"

Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Manyatta, hapa Kisumu. Nina miaka 23 na huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa usiku, ndiyo maana tukamwita Otieno, na sasa ana wiki saba. Nakuandikia akiwa mgongoni, maana nikimshusha tu anaamka.

Shida yangu ni kilio. Mchana mtoto ametulia, ananyonya, analala, hata ameanza kunichekea. Ikifika saa kumi na mbili jioni, majirani wakiwasha majiko, naye anaanza. Anakunja miguu hadi tumboni, anakaza ngumi, sauti inakauka. Nikimpa titi ananyonya dakika mbili, anaachia, analia, analitafuta tena. Tunaenda hivyo hadi saa tatu, siku nyingine hadi saa nne. Nyumba yetu ni ya mabati, chumba kimoja na pazia katikati, kwa hivyo ploti nzima inasikia.

Mama mkwe alikuja kutoka Siaya nilipojifungua, na Mungu ambariki, tangu aje sijaosha hata sufuria. Lakini wiki mbili zilizopita aliniambia nikamue maziwa kwenye kikombe. Yalitoka kidogo. Akakiinua kile kikombe kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Haya ni maji ya kuoshea mchele. Mtoto wa kiume hawezi kushiba haya." Na kweli, zamani matiti yalikuwa yanajaa hadi blauzi inalowa, siku hizi yamelegea. Akataka tumpe uji mwepesi wa wimbi. Nikakataa. Akanunua dawa ya gesi ya chupa, na jirani akaleta manyasi, zile dawa za mitishamba, yaliyochemshwa. Mimi sijampa, lakini nikienda chooni sijui nyuma kunafanyika nini.

Sasa Jumamosi alimpanua mtoto mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi, akasema amepata ugonjwa. "Ako na meno ya plastiki." Nami nimeona: kuna vijiuvimbe viwili vyeupe, huku na huku. Anasema ndivyo vinavyomliza, na hata homa aliyopata usiku wa sindano za wiki sita ilitokana na hayo meno. Kuna mama mtaa wa pili anayeyatoa kwa shilingi 500. Baba Otieno ni dereva wa matatu ya Busia, anafika nyumbani mtoto ameshanyamaza. Anasema niwaachie wenye uzoefu.

Kliniki walimpima. Alizaliwa na kilo 3.1, na wiki ya sita alikuwa kilo 4.5. Nesi alisema "yuko sawa" akaita mwingine, foleni ilikuwa ndefu, nikaona haya kuuliza.

Alhamisi usiku nilimlaza kitandani akiwa analia, nikatoka nje, nikakaa kando ya tangi la maji nikalia pia. Nilirudi baada ya kama dakika kumi. Sijamwambia mtu. Naona kama mimi si mama wa kweli. Na mwisho wa mwezi ujao nataka kurudi sokoni Kibuye, nauza nguo za watoto za mitumba. Nifanye nini?

Mama Otieno, Manyatta

*

Mama Otieno, mwanangu,

Kabla hatujaongea lolote: huo ufizi usiguswe na mtu. Wala kucha, wala sindano, wala kisu kilichochemshwa. Ukiona matayarisho ya kwenda mtaa wa pili yameanza, mfunge mtoto mgongoni uende kwa jirani, halafu urudi tuendelee na barua.

Vile vijiuvimbe vyeupe ulivyoviona ni machonge. Meno ya utotoni huanza kujengeka ndani ya taya mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, na pale pa chonge huvimba kidogo na kuonekana peupe miezi mingi kabla jino halijatoka. Chonge lenyewe kwa kawaida halitoki mpaka mtoto apite mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa hivyo anachochimba yule mama ni jino changa ambalo halijawa gumu, laini, jeupe, linateleza kidoleni. Ndiyo maana watu wakalipa jina la plastiki, na wengine nailoni. Ukimpanua mdomo mtoto wa jirani asiyelia kabisa, utavikuta vivyo hivyo.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto huku magharibi miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na kuna mmoja sijamsahau. Aliletwa amefungwa kwenye leso ya manjano, mdomo umevimba, mate yamechanganyika na damu, hawezi kushika titi. Nilipomuuliza mama yake ni lini mtoto aligeuka hivyo, akaniambia kwa kujitetea, "Lakini sista, ameacha kulia." Alikuwa ameacha kweli. Hakuwa na nguvu ya kulia. Yule tulimpata kwa wakati. Wengine huja na pepopunda, au uchafu wa spoki ya baiskeli waliyochimbiwa nayo umeshaingia kwenye damu, na chombo kilichopita midomo ya watoto kumi kabla ya wako kinaweza kubeba hata virusi vya ukimwi. Anayepona naye mara nyingi hukua na pengo, au meno ya ukubwani yakaota kombokombo, kwa sababu mbegu ya jino la pili imelala hapohapo karibu na la kwanza.

Utaambiwa kwamba fulani alitolewa akapona. Sikatai kwamba alinyamaza. Kilio cha jioni cha watoto wachanga huanza wakiwa na wiki mbili hivi, hupanda, hufika kileleni karibu wiki ya sita, kisha hushuka chenyewe, na akifika miezi mitatu au minne watu wameshakisahau. Ukimtoa mtoto meno wiki ya saba, uji ukampa wiki ya nane, manyasi wiki ya tisa, chochote ulichofanya mwisho ndicho kitakachosifiwa. Hiyo ndiyo biashara ya mama wa shilingi 500: anafika wakati mvua tayari inakatika, anadai yeye ndiye aliyeizuia.

Sasa tuje kwenye maziwa, maana hapa umeandika jibu kwa mkono wako halafu ukalipita. Kilo 3.1 hadi 4.5. Hizo ni gramu 1,400 ndani ya wiki sita, na siku za kwanza mtoto hupungua kidogo kabla ya kuanza kupanda. Mtoto wa umri huo akiongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki sisi husema anyonye tu, hatuna neno. Wako amepita hapo. Hizo gramu zimetoka wapi, Mama Otieno? Hajala ugali. Zimetoka kwenye yale maji ya kuoshea mchele.

Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 87, na yanayotoka mwanzo wa kunyonya huwa mepesi, yana rangi ya kibuluu ukiyainua kwenye mwanga. Mazito yenye mafuta huja mtoto akiendelea kunyonya. Kikombe cha mama mkwe kilipata yale ya mwanzo tu. Isitoshe, mkono haukamui kama mdomo wa mtoto, na matiti ya mama anayekodolewa macho huwa kama ng'ombe aliyebadilishiwa mkamuaji: yanabana. Kile kikombe hakikupima kitu. Na kulegea kwa matiti karibu wiki ya sita ni kwamba mwili umeshajua hesabu ya Otieno, umeacha kutengeneza ya kumwagika kwenye blauzi.

Kama unataka kipimo cha nyumbani, hesabu mikojo, usihesabu machozi. Mtoto wa umri wake anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe usionuka sana. Nepi za dukani zinameza mkojo hata usijue ni mara ngapi, kwa hivyo chagua siku moja umvalishe za kitambaa. Kuna nyanya mmoja wa Yala aliyewahi kunifurahisha: alikuwa anafunga fundo kwenye pindo la leso kila mjukuu akikojoa, jioni anakuja kutuonyesha mafundo yake manane kama mtu anayedai mshahara. Mpe mama mkwe kazi hiyo. Mtu aliyefunga mafundo manane kwa mkono wake hawezi kusema mtoto hajashiba.

Kuhusu choo, mtoto wa maziwa ya mama tupu, akishapita mwezi mmoja, anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo. Kikija laini na mtoto ni mchangamfu, usiruhusu mtu amtie sabuni wala kijiti huko nyuma.

Uji, dawa ya gesi na manyasi vyote nakataa mpaka atimize miezi sita, na sababu yangu kubwa ni tumbo na maji. Tumbo lake ni dogo. Kila kijiko cha uji kinachukua nafasi ya maziwa, na matiti yasiponyonywa hupunguza kweli, halafu yale aliyosema mama mkwe yanatimia. Maji nayo wayajua. Visima vifupi vya Manyatta na Nyalenda vimechimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo, na mvua kubwa ikinyesha Kisumu wote tunajua kinachofuata. Manyasi yaliyochemshwa yakakaa kwenye jagi tangu asubuhi si salama kwa sababu yaliwahi kuchemka. Nawe unaponiambia hujui kinachofanyika ukienda chooni, hapo sina dawa isipokuwa mazungumzo, na nitayafikia.

Kilio chenyewe. Miguu kukunjwa na titi kuachiwa na kutafutwa tena, kila siku saa ileile, huku mchana ametulia na uzito unapanda: huo ni msokoto wa jioni wa watoto wachanga, na mpaka leo madaktari hawajakubaliana unatoka wapi. Mtoto hanyonyi dakika mbili akaacha kwa kuwa titi ni tupu. Jioni watoto wengi hunyonya kidogo kidogo, mfululizo, kabla ya usingizi mrefu. Mpe kila anapotaka. Akiachia, msimamishe begani, kifua chake kwenye kifua chako, umpapase mgongo mpaka acheue. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kama chui juu ya tawi, kichwa karibu na kiwiko chako, utembee. Mtoe nje ya ile kelele ya jioni kama kuna pa kwenda. Ukifika wakati wa kumlaza kitandani, mlaze chali.

Na mvue nguo! Kisumu saa kumi na mbili, chini ya mabati yaliyochomwa na jua tangu asubuhi, nawaona watoto wamevishwa kofia ya sufu, soksi, sweta na blanketi mbili kwa sababu ni "mtoto mchanga". Mtoto wa wiki saba aliyezaliwa na uzito mzuri anahitaji vazi moja zaidi ya lako, basi. Mshike nyuma ya shingo. Kukiwa na jasho, yeye amepikwa. Hujaniandikia anavaa nini, ila nimekaa Kisumu vya kutosha kubahatisha.

Alhamisi usiku, pale kando ya tangi. Umeniandikia kama mtu anayekiri kosa. Mtoto alikuwa ameshiba, amelazwa mahali salama, na wewe ukahisi umefika mwisho, ukatoka, ukapumua, ukarudi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiwafundisha akina mama wodini, na wengi hawakuweza. Kinachoua ni mama au baba aliyekaa pale mpaka hasira ikamshika mikono akamtikisa mtoto. Ubongo wa mtoto mchanga hauhimili kutikiswa hata mara moja. Ikibidi toka tena, mara mia. Mwambie jirani mmoja unayemwamini kwamba ukigonga mlango wake usiku hutaki maneno, unataka mikono.

Lakini ile sentensi ya baadaye, kwamba unajiona si mama wa kweli, siipiti hivi hivi. Machozi ya siku kumi au wiki mbili za kwanza huwapata wengi na huondoka. Wewe uko wiki ya saba. Kama siku nyingi hulali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, humtaki mtoto mikononi, au wazo la kujidhuru au kumdhuru limewahi kupita hata kama halikukaa, mwambie nesi maneno hayohayo uliyoniandikia, na kwa hilo la mwisho usingoje tarehe ya kliniki, nenda leo. Ni ugonjwa unaotibika na unaweza kutibiwa huku unanyonyesha. Foleni hata iwe ndefu namna gani, lile la "naona haya" liache nyumbani siku hiyo.

Homa ya usiku wa sindano haikutoka kwenye ufizi. Chanjo za wiki sita huleta joto kidogo kwa watoto wengi, siku moja au mbili, likaisha. Ila nikuongezee jambo ambalo labda hukuambiwa: mtoto chini ya miezi miwili akifika nyuzi 37.5 au zaidi hatumtazami nyumbani tukikisia ni sindano, hatumpi dawa ya homa tukangoja asubuhi. Anapelekwa aangaliwe. Huku kwetu kuna malaria, na mtoto huyo hawezi kusema anaumwa wapi. Akipoa kupita kiasi pia, chini ya 35.5, ni hatari ileile. Kama huna kipimajoto, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, yule aliyepewa mkoba wa vifaa mwaka 2023, anacho. Mjue jina na nyumba yake kabla hujamhitaji. Mengine ya kukimbilia hospitali bila kuuliza mtu: amekataa kunyonya kabisa, amepata degedege, amelegea, haamki mpaka umsukume, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (mwangalie tumbo akiwa ametulia, uhesabu dakika nzima, usihesabu nusu), au kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, anatapika rangi ya kijani, choo kina damu, utosi umevimba, viganja na nyayo zimekuwa manjano. Kilio kilichobadilika sauti, chembamba, cha kuguna, ni tofauti na kilio cha ghadhabu cha saa kumi na mbili, na wewe uliyemzaa utaisikia hiyo tofauti kabla yangu.

Alale ndani ya neti yenye dawa, mchana na usiku. Akifika miezi sita, muulize nesi chanjo ya malaria. Kenya ilianza kuitoa huku magharibi mwaka 2019, uzinduzi ukafanyika Homa Bay, na ina dozi kadhaa, kwa hivyo ukianza usiishie njiani.

Kibuye unaweza kurudi bila kumwachisha. Ukiweza, mtoto aletwe sokoni anyonye. Usipoweza, nawa mikono, kamua kwenye kikombe safi chenye kifuniko, mtoto apewe kwa kikombe au kijiko, sio chupa ya chuchu ambayo huwezi kuichemsha kila mara. Kwa joto letu usiyahesabie zaidi ya saa nne nje ya friji, na siku ya jua kali punguza. Anza kufanya mazoezi sasa, usingoje wiki ya kurudi.

Nimebakisha mama mkwe, kwa sababu ndiye mgumu. Kwanza usimfanye adui. Mwanamke aliyeacha shamba lake Siaya akaja kulala nyuma ya pazia lako ili usishike sufuria anampenda huyo mtoto, na kuna uwezekano mkubwa hata watoto wake yeye walitolewa meno, akaambiwa hivyo ndivyo mama mwema anavyofanya. Usipambane naye kwa mdomo. Utashindwa, na ukishinda itakuwa mbaya zaidi. Mtu wa kumwambia hapana ni mwanawe. Baba Otieno akishuka kwenye matatu usiku huu, msomee hii barua. Wenye uzoefu anaowataja, mwambie mimi mmoja wao, na ninamwomba mambo mawili. Aseme mbele ya mama yake, kwa heshima zote, "Mama, meno ya mtoto wangu hayatolewi, na hapewi kitu kingine ila titi mpaka miezi sita. Nimekataa mimi." Lawama abebe yeye, mwana husamehewa upesi kuliko mkaza mwana. La pili, siku zake za kupumzika yeye ndiye atembee na mtoto kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, asikie kile ploti inachosikia.

Halafu zimebaki wiki tatu tu hadi kliniki ya wiki ya kumi. Nenda na mama mkwe. Mwache yeye amvishe Otieno ile suruali ya kupimia, amtundike kwenye mizani kwa mikono yake, asimame hapo mshale ukitulia. Nesi akisema kilo, mwombe arudie kwa sauti, kwa Dholuo.